UZI: Hela za usajili Ulaya, nani anapandisha bei na nani anaachiwa mzigo

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa kelele humu ni zile zile, mara "mpira umeisha", mara "huyu nae ni wa milioni 100 kweli?", dirisha likifungwa tunasahau mpaka Januari. Leo nataka tuongelee hela yenyewe inavyotembea, maana wengi tunaangalia ile namba ya juu tu, tunaigeuza iwe shilingi, tunashika kichwa, basi imeisha. Mimi msimamo wangu ni kwamba bei haipandi kwa sababu wachezaji wa sasa ni wazuri kuliko akina Zidane. Inapanda kwa sababu muuzaji anajua mfukoni kwako kuna kiasi gani, na kwa sababu vitabu vya hesabu vinamruhusu mnunuzi ajidai kwamba hajatumia.

Twende na wiki ya mwisho ya Agosti 2025. Liverpool wanamtaka Isak, straika wa Newcastle, Newcastle hawataki kuuza, jamaa kagoma hadi kufanya mazoezi na wenzake, mwisho wa siku Septemba 1 dili likapita kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Wengi tuliishia hapo. Sasa jiweke kwenye nafasi ya Newcastle, Ulaya nzima inajua una mzigo unaingia, inajua huna straika, na inajua dirisha linafungwa siku hiyo hiyo, hapo nani atakupunguzia bei? Stuttgart walimchukua Woltemade bure kabisa kutoka Werder Bremen mwaka 2024, akakaa msimu mmoja tu wakawapiga Newcastle kama pauni milioni 65 na nyongeza juu yake (hela inayolipwa baadae malengo yakitimia). Brentford nao wakawatolea Wissa, yule Mkongo, kwa pauni milioni 50 na nyongeza pia, wakati walimtoa Lorient 2021 kwa hela ambayo haifiki hata milioni 10. Jumlisha hizo mbili unapata 115. Kwenye ile 125 Newcastle kabakiwa na chenji, na wachezaji wawili ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa chaguo lake la kwanza.

Ndo mnyororo ulivyo. Na mnyororo mkubwa kuliko yote ni ule wa 2017.

PSG walipoweka mezani euro milioni 222 kumvunjia Neymar mkataba wake Barcelona, rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Pogba, euro milioni 105, ya mwaka mmoja tu nyuma. Yaani rekodi haikuvunjwa, ilizidishwa mara mbili na chenji. Barcelona hawakuwa wanataka kuuza, kipengele cha mkataba kililipwa wakabaki wameshika hela na hawana mtu, na dunia nzima inaona. Dortmund wakawauzia Dembélé kwa 105 na nyongeza, Januari 2018 Liverpool wakawauzia Coutinho, dili ambalo na nyongeza zake lilitajwa kufika pauni milioni 142. Sasa angalia mwenzako alichofanya na hela hiyo. Liverpool mwezi huo huo walikuwa wamemchukua Van Dijk kwa pauni milioni 75 (watu walicheka eti beki wa 75, mnakumbuka?), kiangazi wakamfuata Alisson kwa kama 67. Ukijumlisha beki na kipa ni ile ile hela ya Coutinho. Mei 2019 Barcelona wanaingia Anfield wana mtaji wa bao 3, Coutinho yuko uwanjani na jezi ya Barca, Alisson yuko golini kwingine, ikaisha nne bila. Liverpool wakabeba ndoo ya Ulaya mwaka huo. Mwaka uliofuata Coutinho yupo Bayern kwa mkopo, anaingia kutoka benchi anawafunga Barcelona, waajiri wake wenyewe, bao mbili kwenye ile mechi ya nane kwa mbili. Agosti 2021 Laporta, rais wa Barcelona, anasimama mbele ya waandishi anasema klabu ina madeni ya euro bilioni 1.35, na Messi kaondoka bure kwenda huko huko Paris.

Kwaiyo mkisema hela kubwa inaharibu mpira, mimi nauliza, iliharibu kwa nani? Hela ile ile ilimjenga mmoja ikambomoa mwingine.

Sasa tuje kwenye hesabu, hapa ndo watu wengi hawapapendi ila ndo kila kitu kilipo. Klabu ikinunua mchezaji haiandiki gharama yote mwaka ule ule. Inaigawa kwa miaka ya mkataba. Chukua Antony, maana Man U watanisamehe wamezoea. 2022 wamemtoa Ajax kwa euro milioni 95 na nyongeza, mkataba miaka mitano. 95 gawa kwa 5 ni 19 kwa mwaka. Msimu wa kwanza kwenye vitabu inasomeka 19 tu (mshahara ni habari nyingine, na mshahara ndo unaua kimya kimya). Baada ya misimu mitatu umeshafuta 57, imebaki 38 ambayo vitabuni bado ni "mali". Septemba 2025 anaenda Betis moja kwa moja kwa kama 22 na nyongeza. 38 toa 22, hasara ya 16 inatua mwaka huo huo yote kwa mkupuo. Ndo maana unaona klabu inang'ang'ania mchezaji ambaye kila mtu anaona hafai, sio kwamba kocha haoni, mhasibu ndo anasema bado, tusubiri apungue kwenye vitabu kwanza.

Chelsea ya wamiliki wapya walikuja wakaona kumbe mchezo ni rahisi, kama gharama inagawiwa kwa miaka ya mkataba basi tuongeze miaka. Enzo Fernández Januari 2023, karibu pauni milioni 107, mkataba miaka nane na nusu. Mudryk nae miaka nane na nusu. Caicedo miaka nane. Ile 107 ukiigawa kwa miaka mitano ni zaidi ya 21 kwa mwaka, kwa nane na nusu inashuka hadi 12 na kitu. Umeokoa karibu milioni 9 kila mwaka kwa kalamu tu, na ukifanya hivyo kwa watu kumi tayari una nafasi ya kununua mwingine. UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, wakashtuka kiangazi cha 2023 wakasema mwisho kugawa miaka mitano, Ligi Kuu Uingereza nao wakapitisha Desemba mwaka huo. Ila waliosainiwa kabla ya hapo wameshapita.

Ngoja nipumzishe vidole, karibuni.

#2

Nimesoma yote mkuu, siku nyingine weka na picha basi. Ila Chelsea mnatuonea sana humu. Mbona hausemi na tunauza? Na mbona Palmer wetu humtaji, milioni 40 na nyongeza kidogo kutoka Man City, leo akiuzwa ni shilingi ngapi? Na Kombe la Dunia la Klabu 2025 tumebeba, PSG tukamchapa tatu bila, lile kombe peke yake limeingiza zaidi ya dola milioni 100. Hii sio ubadhirifu, hii ni biashara, kubali tu.

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2 mimi sijasema hamjui biashara, nyie biashara mnaijua mpaka mmepitiliza. Mliuza hoteli mbili za pale Stamford Bridge kwa pauni milioni 76.5. Mnunuzi ni nani? Kampuni dada ya wamiliki wale wale. Ligi ikasema sawa, UEFA wakasema kwetu hiyo hatuihesabu, na Julai 2025 mkapigwa faini ya euro milioni 31, 20 za kuzidisha hasara na 11 za gharama ya kikosi. Halafu mkauza na timu ya wanawake kwa kampuni mama. Palmer nakubali, huyo ni wa bei ya kutupa. Ila dirisha lenu ni kama wavu, ukivua kila kitu baharini papa hawezi kukosekana, swali ni samaki wangapi wameoza kwenye boti.

#4

Mleta uzi umeruka chanzo. Chanzo ni TV. Mkataba wa ndani ya Uingereza tu kuanzia 2025 mpaka 2029 ni pauni bilioni 6.7, na haki za nje ya Uingereza zinaingiza zaidi ya hapo. Anayeshika mkia Ligi Kuu anaondoka na zaidi ya pauni milioni 100. MKIA! Ndo maana Bournemouth, uwanja wa watu elfu 11 na ushee, anaenda Porto kumchukua Evanilson kwa milioni 40 wakati huko Italia hata Milan yenye makombe saba ya Ulaya inaomba mkopo wenye kipengele cha kununua. Kiangazi cha 2025 ligi moja hiyo imetumia zaidi ya pauni bilioni 3. FIFA walisema dirisha hilo dunia nzima uhamisho wa kimataifa ulifika dola bilioni 9.76. Sasa piga hesabu Waingereza wameshika kipande gani.

Na hela ya haki za nje tunailipa sisi. Wewe unayelipia king'amuzi, na wewe unayetoa jero mlangoni pale banda umiza, mshahara wa Isak umo humo.

#5

Jero? Huku kwetu mechi ya Asenali na Man U ni buku, na ukichelewa unaangalia umesimama 😂

#6

Watu wa hizi timu kubwa mnaongelea kununua tu, kanuni za hasara hamzigusi. Everton walinyang'anywa pointi 10 Novemba 2023, zikashushwa hadi 6 baada ya rufaa, halafu Aprili wakaongezewa nyingine 2. Forest wakakatwa 4. Wakubwa wao wana mawakili.

#7 (mleta uzi)

#6 asante, hiyo ya Forest ndo niliitaka kabisa. Kanuni inasema hasara isizidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na ukiwa ulikuwa daraja la chini kiwango kinapungua, Forest wao kilikuwa 61. Hesabu zao zinafungwa Juni 30. Walikuwa na Brennan Johnson, dogo wamemlea toka ana miaka nane. Wangemuuza Juni, hesabu zinakaa sawa. Wakasubiri, Septemba 1 wakamuuza Tottenham kwa milioni 47.5. Utetezi wao mbele ya tume ukawa kwamba wangeuza Juni wangepata bei ya hasara, kwaiyo kusubiri ndo ilikuwa akili. Kama mfanyabiashara yuko sahihi kabisa! Tume ikasema sawa bwana lakini tarehe ni tarehe, leta pointi nne.

Wengine wakajifunza. Juni 2024 ndo ilikuwa vituko. Mchezaji uliyemlea mwenyewe kwenye vitabu thamani yake ni sifuri, kwaiyo ukimuuza hela yote inasomeka faida siku hiyo hiyo, wakati unayemnunua gharama yake unaigawa miaka mitano. Unaona mlango ulipo? Villa akamchukua Maatsen wa Chelsea kwa 37.5, na ndani ya siku chache Chelsea akamchukua Kellyman wa Villa kwa 19, dogo wa miaka 18 ambaye mechi zake za wakubwa unazihesabu kwa vidole. Villa na Everton wakabadilishana vijana wao hivyo hivyo, Iroegbunam kule, Dobbin huku. Newcastle akamtoa Elliot Anderson, mtoto wa nyumbani kabisa, akaenda Forest kwa 35, na Forest akamleta kipa Vlachodimos upande wa pili kwa 20. Kila mmoja kaandika faida, kila mmoja kamaliza Juni salama.

Kanuni iliwekwa klabu zisiishi kwa madeni, matokeo yake mtoto wa akademi ndo amekuwa bidhaa ya kwanza kutolewa dukani. Hapo ndo mimi nakasirika, sio kwenye ile 125 ya Isak. Shabiki wa Newcastle alimtaka Anderson acheze pale miaka kumi. Kauzwa kwa sababu ya tarehe.

#8

Niko Nairobi wakuu, nafuatilia. Mimi swali langu ni moja, Victor Wanyama wetu alitoka Celtic akaenda Southampton 2013 kwa pauni milioni 12.5, 2016 Spurs wakamnunua kwa 11. Hizo ni 23 na nusu. Watu waliomfunza mpira huku mtaani waliona nini? Ama hiyo hela inaishia Ulaya tu inazunguka wenyewe kwa wenyewe?

#9 (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Nairobi umeuliza la maana kuliko sisi wote. Kanuni ipo. FIFA wanasema kwenye kila uhamisho wa kimataifa wenye ada, asilimia 5 inakatwa inagawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Ile miaka minne ya mwanzo kila mmoja una robo asilimia, kuanzia 16 kila mwaka una nusu asilimia. Uhamisho wa Wanyama ulikuwa wa ndani ya Uingereza yenyewe kasoro huo wa kutoka Scotland, ambako nako ni chama kingine, kwaiyo wa Celtic unahesabika. Ule wa Spurs kwa kanuni za wakati ule haukuwamo, wamekuja kubadilisha 2020 ndo sasa hata dili la ndani ya nchi moja linahesabika kama klabu iliyomlea iko nchi nyingine.

Ngoja tupige ya Samatta. Januari 2020 Genk kwenda Aston Villa, iliripotiwa kama pauni milioni 8.5. Nusu asilimia ya hapo ni pauni 42,500 kwa kila mwaka mmoja wa malezi. Kwa pauni ya wakati ule hiyo ni zaidi ya milioni 120 za Kitanzania. Kwa MWAKA MMOJA wa kumlea. Sasa jamaa alikuwa Mbagala Market iliyokuja kuwa African Lyon, akapita Simba, 2011 akiwa na miaka 18 akaenda Mazembe akakaa mpaka Januari 2016. Kwa kanuni hiyo Mazembe ndo mwenye kipande kinene, miaka minne na ushee, na sisi huku tunapata vile vya utotoni. Na sio bahati mbaya, Lubumbashi pale wamejenga uwanja wao na akademi, sisi tunangoja mtu atuonee huruma.

Na ili upate lazima uwe umemsajili kwenye mfumo, pasipoti ya mchezaji (rekodi ya klabu alizopitia) ioneshe alikuwa kwako tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Toka Novemba 2022 FIFA wana ofisi yao ya kulipia hizi hela iko Paris, haisubiri tena uandike barua ya kuomba, ila bila kumbukumbu jina lako halitokei. Kocha anayefundisha watoto 40 kwenye uwanja wa shule bila kusajiliwa popote, hata dogo akiuzwa milioni 100, kwenye karatasi huyo kocha hayupo.

#10

Hii nondo. Viongozi wa klabu zetu za madaraja ya chini hii kitu wanaijua kweli? Au wanajua kupigania mapato ya mlangoni tu.

#11

Mkuu mbona hujagusa mawakala. Mbappé kaenda Madrid 2024 "bure", bure gani ile, hela ya kusainia tu aliyopewa ungenunua timu nzima ya huku na uwanja juu.

#12 (mleta uzi)

#11 ni kweli, bure haipo. Toka kesi ya Bosman Desemba 1995 mchezaji akimaliza mkataba anaondoka bila ada, kwaiyo kile ambacho klabu ingelipwa kinahamia kwa mchezaji na wakala wake. FA ya Uingereza huwa wanatoa hesabu kila mwaka, klabu za Ligi Kuu zinawalipa mawakala zaidi ya pauni milioni 400 kwa mwaka mmoja. Linganisha na ile nusu asilimia ya kumlea mtoto. Mtu aliyepiga simu tatu anapata kuliko aliyemfundisha kupiga pasi miaka sita.

Tukija kwenye kinachofuata, kuanzia msimu wa 2026/27 Ligi Kuu wanaachana na ile kanuni ya hasara, wanaweka kwamba gharama za kikosi, yaani mishahara, mawakala na ule mgawo wa ada za usajili, zisizidi asilimia 85 ya mapato. UEFA wao wako kwenye 70. Kuna watu wanasema bei zitashuka. Mimi naona zitapanda kwa wale wale, maana asilimia 85 ya mapato ya Man City na asilimia 85 ya mapato ya Brentford ni vitu viwili tofauti. Mwenye mapato makubwa ameruhusiwa kisheria kuwa na kikosi kikubwa, na kila anayemuuzia atakuwa anajua kiwango chake ni ngapi. Kitakachobadilika ni ule mchezo wa Juni 30 kidogo.

Wa kuangaliwa ni akina Brighton. Caicedo walimtoa Ecuador kwa kama pauni milioni 4 na ushee, wakakaa wametulia Liverpool na Chelsea wakigombana Agosti 2023, Liverpool kafika 110, jamaa kakataa kwenda, Chelsea kaja na 100 na nyongeza 15. Brighton hawakupiga kelele hata siku moja. Mashabiki wao waliacha kulia siku nyingi, wanajua kabisa atakayeuzwa mwakani ni nani na mrithi wake tayari yuko benchi.

#13

Kwaiyo Asenali na Rice wa 105 tulipigwa au hatukupigwa? Jibu fupi.

#14 (mleta uzi)

Hamkupigwa. Waliopigwa ni Chelsea waliomfukuza akademi akiwa na miaka 14.

#15

😂😂😂 #2 njoo huku unaitwa